Mwaka Ambao Hawakuja Kuchukua Mbegu

Kwetu, kwenye vilima vya Mbulu juu ya barabara ya Dongobesh kwenda Haydom, mbegu ya mtama haikuwa kitu cha kununua. Ilichukuliwa kwa mama yangu. Kila mwaka, majani yakishakauka na upepo ukianza kuleta vumbi hadi ndani ya maziwa, wanawake wa kilima chetu na wa vilima vya jirani walikuja na vibuyu vyao. Walikaa uani, wakanywa uji, wakamaliza habari za ndoa za watu wengine, halafu mama alipanda kwenye dari juu ya jiko, mahali ambapo moshi ulikuwa umepaka kila kitu weusi, akashusha masuke aliyoyatunza. Aliyapukuchua kwa mkono mbele yao. Hakupima. Kila mmoja alichota kadiri ya shamba lake, na hakuna aliyechota kwa tamaa, maana wenzake walikuwa wanamtazama.

Baada ya mavuno walirudisha. Hawakurudisha mtama wowote tu waliojisikia. Kila mwanamke alipita shambani kwake kabla ya wavunaji, akachagua masuke mazuri kuliko yote, akayafunga kitita na kumletea mama. Yule anayelima bondeni penye maji alileta ya kwake, yule wa mgongoni penye mawe alileta ya kwake, na yule wa ng'ambo ya kijito, ambako baridi ya asubuhi inauma hadi kwenye kucha, alileta ya kwake. Mama aliyachanganya yote.

Ulikuwa mtama mwekundu, mrefu kupita mtu mzima, wenye suke linaloinama likikomaa. Siku moja nilimuuliza kwa nini anachanganya, wakati wa bondeni una punje kubwa kuliko wote.

"Wa bondeni hajui njaa," alinijibu. "Mvua ikikataa atalia tu. Akae na huyu wa mawe amfundishe."

Alizungumza hivyo, kama vile punje zile ni watoto wa majirani waliokuja kucheza. Kazi ile aliipokea kwa mama mkwe wake, bibi yangu mzaa baba, na bibi naye aliikuta kwenye nyumba ile ile alipoolewa. Mimi nilidhani ni njia tu ya wanawake kutembeleana. Leo nasikia watu wanakaa kwenye mikutano na kuita mambo hayo urithi, wanapiga makofi, halafu wanakunywa soda. Nikisikia makofi hayo napata hasira ambayo siwezi kumweleza mtu. Hakuna aliyempigia mama yangu makofi.

Jambo jingine nililoliona bila kulielewa ni ndege. Mtama ukianza kuiva, ndege wadogo wanakuja kwa makundi, na makundi hayo hayana adabu. Lakini kwetu walikuta kilima kizima kina mtama, na kilima cha pili, na cha tatu. Walikula huku kidogo na kule kidogo. Sisi watoto tulikaa shambani na makopo na mawe tukipiga kelele, na tukishachoka sisi, tulisikia watoto wa shamba la pili wameanza. Kila nyumba ilipoteza kidogo, na hakuna nyumba iliyopoteza yote.

Mdogo wangu wa kike, kitinda mimba wetu, alikuwa hodari wa kelele hizo kuliko sisi wote. Alikuwa ameng'oka meno ya mbele na mapya yalikuwa yanachungulia. Akipiga kopo lake alicheka mwenyewe, akasahau ndege. Mama alimgombeza kwa sauti ambayo haikuwa na ugomvi ndani yake.

Mdogo wangu huyo alikufa mvua zikiwa kubwa, mtama ukiwa bado unatoa masuke. Homa ilimshika ghafla. Baba alimbeba mgongoni hadi barabarani, mama akimfuata na kanga kichwani, na basi lilikwama kwenye tope kabla ya kufika. Huko hospitali ya Haydom walimpokea vizuri, walifanya kila walichoweza, lakini tulikuwa tumechelewa. Walirudi naye amefunikwa ile ile kanga ya mama. Nilikuwa mkubwa kiasi cha kuelewa, na bado nilienda kumfunua uso nimwambie aamke.

Sasa inabidi nieleze desturi, kwa sababu bila hiyo hutaelewa kilichofuata.

Kwa wazee wetu, kifo cha mtoto hakikuwa jambo la jioni moja ya maombi. Nyumba iliyofiwa ilijitenga. Mama wa mtoto hakutoa moto kwa jirani, hakutoa chakula, hakutoa mbegu, na wala hakupokea. Ng'ombe wa nyumba ile walichungwa peke yao. Watu walikusalimia kutoka njiani, wakasimama kidogo, wakaendelea. Haikuwa chuki. Ilikuwa heshima, na ndani ya heshima kulikuwa na hofu kwamba kifo kinaweza kupita kwa mkono kwenda nyumba nyingine. Mwaka ukizunguka, majirani walikuja wenyewe bila kualikwa, wakaingia ndani, wakala chakula alichopika mama aliyefiwa kutoka katika mavuno ya nyumba yake. Hapo ndipo msiba ulihesabiwa umekwisha.

Siku ya maziko, mwinjilisti wetu alisema mambo hayo ni ya giza na sisi tuna tumaini la ufufuo. Mama aliitikia amina. Alikuwa mwimbaji wa kwaya, mwenye sauti ya pili iliyowabeba wengine, na amina ile aliitoa kwa moyo. Kisha akarudi nyumbani, na jirani yetu alipotuma mtoto kuja kuomba kaa la moto, mama alimwambia kwa upole arudi. Watu wengine wanaona ajabu mtu kushika vyote viwili. Mimi sioni. Ufufuo ulikuwa wa mdogo wangu. Desturi ilikuwa ya mama.

Wakati wa mavuno hawakuleta masuke, na mama hakuyatarajia. Zamani pia ilikuwa hivyo. Nyumba ya mbegu ikifiwa, kila mwanamke alibakiza masuke yake mwenyewe kwa mwaka huo, akapanda hayo, na mwaka wa pili mambo yakarudi kama kawaida. Kwa hiyo majira ya kupanda yalipofika na hakuna aliyekuja na kibuyu, mama hakushangaa. Alishusha mbegu ya shamba letu tu, mengine akayaacha juu kwenye moshi.

Lakini mwaka ule haukuwa wa zamani. Ilikuwa miaka ya soko huria. Ushirika ulikuwa umekufa bila mtu kutangaza msiba, na malori ya wafanyabiashara yalikuwa yameanza kupanda hadi kwetu kutafuta mahindi na maharage. Wenye lori walisimama barabarani, wakapakia, wakaondoka, na hawakutaka mtama. Dongobesh kulikuwa na duka la mzee mmoja Mwislamu, mtu mwenye lugha nzuri aliyewaamkia wakubwa wote kabla ya kuongea biashara, na yeye alianza kuleta mbegu za mahindi katika mifuko yenye picha ya hindi limejaa hadi ncha. Sina ubaya naye. Aliuza kilichotakiwa, na mwenye shida alimngoja hadi apate pesa.

Wanawake wa vilima vile walifikiri hivi, na nimekuja kuyajua haya kwa vinywa vyao wenyewe. Kila mmoja alisema moyoni, mwaka huu nipande mahindi kama wengine, nione. Masuke yangu ya mtama niyapikie pombe ya harusi, au niyasage watoto wale. Mtama haupotei. Upo kwa mama yule pale, darini. Na mama yangu kwa upande wake alikuwa anasema, wenzangu wana mbegu zao majumbani, mwaka ukizunguka wataniletea. Kila mmoja alimwamini mwenzake, na kwa ajili ya imani hiyo mtama wote wa vilima vile uliliwa ndani ya msimu mmoja, ukabaki ule wa kwetu peke yake. Sijawahi kuona uzembe ndani yake. Watu wasioaminiana wangeficha kidogo kila mmoja chini ya kitanda.

Mwaka ulizunguka. Mama alifagia uani hadi udongo ukang'aa. Alisaga mtama, akachachua maziwa, akakaa mlangoni na kanga safi. Nilikuwa naye. Njia inayopanda kwetu unaiona yote kutoka mlangoni, kuanzia kijitoni hadi kwenye mikuyu. Walipita watu wakienda zao. Walisalimia kutoka njiani, wengine kwa kupunga mkono.

"Labda ni kesho," mama alisema.

Kesho alifagia tena. Baba, ambaye hakuwa mtu wa maneno, alimwambia watu siku hizi wanasikiliza kanisa, hawashiki tena mambo hayo, asiwasubiri. Mama alimjibu kwamba kanisa halijakataza mtu kuja kula kwa jirani yake. Maziwa yaliharibika. Tuliwapa mbwa.

Hiyo ndiyo sehemu inayoniuma hadi leo. Majirani zetu walikuwa wametii mwinjilisti kwa nusu. Kujitenga na nyumba yetu walijitenga, kwa sababu hofu haihubiriwi ikaisha. Kuja kumaliza msiba hawakuja, kwa sababu msiba uliambiwa haupo. Basi mama yangu akaachwa katikati, mtu aliyefungwa na hakuna wa kumfungua.

Msimu ule alikuwa amepanda mtama peke yake. Kilima kizima kilikuwa na mahindi, ya kijani, yamepangwa mistari, na katikati yake kulikuwa na shamba moja jekundu, la kwetu. Ndege wote wa vilima vile walikuja kwetu. Tulipiga makopo hadi mikono ikavimba. Hakukuwa na shamba la pili la kutupokea tulipochoka. Walikula asubuhi, wakala mchana, wakala huku sisi tumesimama pale tunawatazama. Mama alitembea katikati ya mabua akigusa masuke matupu moja baada ya jingine, na alipofika mwisho wa shamba alikaa chini.

Mwaka uliofuata baba alitaka shamba lile liwe la mahindi. Walizungumza ndani mlango ukiwa umefungwa, jambo ambalo halikuwa kawaida yao. Mama alipewa kipande kando ya nyumba. Ndege walikimaliza kipande hicho kabla punje hazijawa ngumu. Baada ya hapo aliacha kupanda.

"Mbegu hizi si zangu," alisema. "Nikipanda, nalisha ndege mali ya watu."

Alizipukuchua zilizobaki, akazichanganya na majivu, akazitia kwenye vibuyu, akaziba midomo kwa samadi ya ng'ombe na kuvirudisha juu kwenye moshi. Alikuwa na hakika kwamba watakuja. Hakuna siku aliyosema hawatakuja. Kila majira ya kupanda nilimwona akisimama chini ya dari anaangalia juu, na nikajifunza kutoka nje wakati huo.

Nisiseme uongo juu ya mahindi. Yalizaa. Yalizaa hadi ghala la baba likatoboka ubavuni na kuku wakanenepa kwa yaliyomwagika. Mahindi hayo yalinipeleka sekondari, yakamnunulia baba baiskeli, yakaezeka nyumba yetu bati. Bati lile lilipowekwa, dari ya jiko ilibaki kwenye nyumba ya zamani ya nyuma, na mama alikataa nyumba hiyo kubomolewa. Aliendelea kuwasha moto humo kila siku, hata siku ambazo alipika kwenye jiko jipya. Baba alilalamika juu ya kuni. Mimi nilirudi likizo na vitabu vyangu, nikamwambia mama kwamba moshi unamharibia macho. Alinitazama kwa macho hayo hayo mekundu, akaniuliza shuleni tunakula nini.

Tukiwa tumeshaanza kuzoea kuambiwa kwamba sasa sisi ni mkoa wa Manyara na si Arusha tena, mvua zilikataa. Zilianza vizuri, za kudanganya. Watu walipanda. Mahindi yalifika magotini yakajikunja, majani yakageuka rangi ya jivu. Watu wakanunua tena mbegu, wakapanda tena, na zile za pili hazikufika hata magotini. Tulisikia kule Hanang, Masakta na vijiji vya chini, ni hivyo hivyo, na huko Gitting ambako mlima huwa unawagawia ukungu, mwaka ule hata ukungu ulikuwa mchache. Mzee wa duka kule Dongobesh alifunga mlango mchana. Ng'ombe walipelekwa mnadani wamekonda, wakarudishwa kwa kukosa mtu wa kuwatazama mara mbili.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, niko nyumbani. Tulikula mara moja kwa siku, mboga za porini na uji wa mahindi ya msaada. Ilikuwa imebaki miezi michache mvua nyingine zije, kama zingekuja.

Asubuhi moja mama alikuwa mlangoni anachambua mboga. Alisimama ghafla na mboga zikamwagika. Njiani, kutoka kijitoni, walikuwa wanapanda wanawake, mmoja nyuma ya mwingine, na mbele yao alikuwa yule wa ng'ambo ya kijito, ambaye kabla ya msiba alikuwa wa kwanza kila mwaka kuja kwetu, na wa mwisho kuondoka. Hawakupita. Waliiacha njia kubwa wakaingia kwenye njia yetu.

Mama alinishika mkono. Sijawahi kusikia mkono wake ukiwa na nguvu namna ile.

"Wanakuja kula," aliniambia. "Weka maji motoni. Weka maji, mwanangu, wanakuja kula!"

Nikakimbia kuweka maji. Sikujua tungepika nini. Nilikuwa nalia huku nachochea, kwa furaha, nasema hadharani kwamba ilikuwa furaha. Nilipotoka nje walikuwa wamefika. Niliwaamkia shikamoo mmoja mmoja, wakaitikia marahaba wakitazama chini. Ndipo nikaona kwamba kila mmoja ana ndoo ya plastiki au mfuko wa salfeti uliokunjwa chini ya kwapa. Vibuyu walikuwa hawana tena.

Yule wa ng'ambo alizungumza. Aliuliza habari za nyumba, habari za mifugo, habari za macho ya mama. Mama aliitikia yote, uso wake bado umefunguka. Kisha mmoja wa wanawake aliokuja nao akasema:

"Dada, tumekuja kwa ajili ya mtama. Mwaka huu tunataka kurudia mtama wetu wa zamani."

Niliuona uso wa mama ukifunga. Haukufunga kwa hasira. Ulifunga polepole, na alipotabasamu tena lilikuwa tabasamu la kuwapokea wageni. Aliwakaribisha wakae. Walikaa uani, mahali pale pale pa zamani, na hakuna aliyeanza habari za ndoa ya mtu.

"Mbona hamkuja?" mama aliuliza mwishoni. Aliuliza kwa sauti ndogo, hakuwa anashitaki mtu.

Yule wa ng'ambo alikuwa mtu mkweli, na ukweli wake sijausahau.

"Mwaka wa kwanza niliogopa msiba," alisema. "Wa pili niliona aibu, kwa sababu sikuja ule wa kwanza. Baadaye, dada yangu, nikasahau."

Mama aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa njia. Akainuka, akaingia nyumba ya nyuma, nikamshikia ngazi. Alishusha vibuyu vyote. Alivibandua samadi kwa kisu, akamimina kwenye ungo mbele yao. Majivu yaliruka. Punje zilikuwa nzima, hazina fukusi hata mmoja, nyekundu nyekundu kama siku alipozitia. Wanawake wale waliguna kwa furaha, na mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni alipiga kigelegele kifupi akajizuia. Tayari walikuwa wanafungua mifuko.

"Subirini," mama alisema. "Zimekaa sana. Nisiwape mkaharibu mvua moja mliyonayo."

Alichukua punje kutoka kila kibuyu, akazisuuza majivu, akazifunga kwenye kitambaa kilicholowa na kukiweka kwenye chungu karibu na joto la jiko. Aliwaambia warudi wiki ikiisha. Walikwenda, na walipokuwa wanashuka niliwasikia wameanza kuongea kwa sauti, hata kucheka. Walikuwa na tumaini. Na mimi nilikuwa nalo. Tulikuwa tumeziona punje zenyewe, nzima, nzuri.

Mama alilowesha kitambaa kila asubuhi na kila jioni. Hakutaka nikifungue. Kusali, alisali hapo jikoni, namsikia akiomba kwa lugha ya nyumbani, si kwa Kiswahili cha kanisani. Hakuomba mvua. Aliomba ziote.

Siku waliyorudi alikifungua mbele yao. Punje mbili tatu zilikuwa zimetoa ncha nyeupe, na ncha hizo zilikuwa zimeoza. Nyingine zote zilikuwa zimevimba kwa maji tu, laini, na alipoibonyeza moja kati ya vidole ilitoa maziwa ya kijivu yenye harufu ya kuchacha. Alibonyeza nyingine. Alibonyeza nyingi. Wanawake walisogea wakaangalia, halafu mmoja mmoja wakarudi nyuma. Ule mtama ambao bibi aliukuta nyumbani alipoolewa ulikuwa umekufa ndani ya vibuyu, umekufa umehifadhiwa vizuri, hauna kasoro yoyote.

Yule wa ng'ambo alianza kulia kwa sauti. Alisema ni wao, ni wao walioua. Wengine wakaanza kuinuka na ndoo zao tupu.

"Mnakwenda wapi?" mama aliwauliza. "Kaeni. Hamjala."

"Tule nini, dada?" yule wa ng'ambo alisema. "Mwaka huu nani ana chakula?"

Mama alivuta ungo, akauinua kidogo, akaanza kupepeta majivu.

"Tutakula mbegu?" aliuliza yule mwenye mtoto, na kwenye sauti yake kulikuwa na hofu ya kweli. Kwetu mbegu hailiwi. Mtu anaweza kulala njaa na kibuyu cha mbegu kiko juu ya kichwa chake.

"Si mbegu tena," mama alisema. "Ni mtama."

Aliuosha kwa maji mengi hadi yakatoka meupe. Aliuanika juani, na wakati unakauka mmoja wa wanawake alimfuata mama kukusanya kuni. Kisha mama alipiga magoti kwenye jiwe la kusagia, lile ambalo lilikuwa limegeuka kiti cha kuku tangu mashine ilipokuja. Alisaga. Alipochoka, yule wa ng'ambo alimgusa bega, akamsogeza, akasaga yeye. Walipokezana wote. Mimi nilisonga ugali, na ulikuwa mwekundu na mzito, na ulinuka moshi. Baba alirudi kutoka malishoni na ng'ombe wawili waliobaki, akawaona wanawake wamejaa nyumba ya nyuma. Aliangalia vibuyu vilivyolazwa vitupu ukutani. Alivua kofia akaingia, akakaa chini pamoja nao, jambo ambalo mwanaume wa kwetu hafanyi.

Mama hakuuweka ugali katikati wajichotee. Alimega mwenyewe, akampa kila mmoja mkononi mwake, kuanzia yule wa ng'ambo hadi yule mwenye mtoto, halafu baba, halafu mimi. Walipokea kwa mikono miwili. Mtoto aliyekuwa mgongoni alinyoosha kiganja, mama akampa na yeye. Tulikula bila mboga. Sijui ladha yake nikuelezeje. Ulikuwa mtamu.

Mama alibaki amesimama karibu na jiko, mikono imejaa unga, anawatazama wakitafuna. Aliwatazama kwa muda mrefu.

"Sasa mtoto wangu amekufa," alisema.

Wote waliacha kula. Machozi yalikuwa yanamshuka bila sauti, ya kwanza niliyoyaona tangu siku ya basi, na hakuyafuta. Alikaa chini katikati yao, na yule wa ng'ambo akamsogelea hadi magoti yao yakagusana.

"Kuleni," mama aliwaambia. "Msiache hata kidogo."

Wakala mpaka sufuria ikaisha.